Mnaosema wazee wa Dodoma walikataa lensi za macho kwa ushamba, njooni hapa

Wakuu, salamu kwenu wote. Wa rika langu humu sidhani kama yupo, kwa hiyo shikamoo zenu nimezipokea kwa jumla. Marahaba.

Naandika mwenyewe, kwa kidole kimoja. Nikikosea herufi mnivumilie. Nikisema uongo msinivumilie.

Kilichonileta ni hiki. Juzi kijana mmoja kaandika humu kwamba bibi yake kijijini amekataa kuwekewa lensi ya bandia kwenye jicho. Chini yake mkajaa kucheka. "Wagogo bwana." "Ushamba tu." Mmoja, ambaye kwa maneno yake anafanya kazi Mtumba kwenye ofisi ya kiyoyozi, kasema wazee wa Dodoma waliishi gizani kwa kupenda kwao.

Kwa kupenda kwao!

Nilisoma ile comment mara tatu, hasira zikanipanda mpaka chai ikapoa mezani. Sasa tulieni niwaambie.

Miaka ya mwisho ya Mwingereza, mimi nilikuwa dresa kwenye hospitali moja hapa Dodoma. Silitaji jina, msinisumbue PM. Dresa ndiye aliyekuwa anasafisha vidonda na kufunga bendeji. Na kwa kuwa nilikuwa na darasa la nane na Kiingereza kimenikaa, ndiye mimi niliyekuwa mkalimani. Daktari anasema Kiingereza, mimi nasema Kigogo. Mgonjwa anajibu, mimi narudisha. Kutwa nzima.

Kaptula nyeupe, imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Nikipita sokoni mabinti wanageuka. Msicheke, nanyi mtazeeka.

Kidogo kuhusu macho, maana wengi wenu mnachangia kitu msichokijua.

Mtoto wa jicho ni lensi yako ya kuzaliwa iliyoingia ukungu. Leo wanaitoa na kuweka ya bandia hapo hapo. Enzi zile walikuwa wanaitoa, basi. Jicho linabaki halina lensi. Unapewa miwani, vioo vinene kama chini ya chupa, na hiyo ndiyo lensi yako mpaka kufa.

Na miwani ile ilikuwa na visa. Kila kitu kinaonekana kikubwa na kipo karibu kuliko kilivyo. Baba yangu alikuwa mmoja wa waliotolewa lensi. Anaweka kibuyu cha maziwa juu ya kigoda, kibuyu kinaanguka, kumbe kigoda kiko mbele zaidi. Anapita mlangoni ameinua mguu kama anavuka mto. Pembeni haoni kitu, ng'ombe anamtokea ghafla puani. Sisi wanawe tulikuwa tunacheka, naye anatutukana huku anacheka.

Lakini bila miwani ile alikuwa haoni hata mkono wake. Hilo mliweke akilini.

Sasa. Bwana Daktari alikwenda likizo kwao Uingereza. Aliporudi, akaja na kiboksi. Ndani mna vitu vya plastiki ngumu, angavu, kimoja kama punje ya hindi. Zilikuwa lensi za kuweka ndani ya jicho lisilo na lensi. Ukiwekewa, miwani ile unaitupa.

Siku ile nilikuwa chumba cha vidonda nakunja bendeji. Daktari akaingia na sista, yule mkuu wa wodi, Mwingereza naye. Wakaanza kuongea, na mimi nipo hatua tatu kutoka walipo. Mkalimani kwao ni kama kiti. Kikiwa hakikaliwi, hakisikii.

Daktari akasema kule kwao kuna waliowekewa na wanaona vizuri ajabu. Halafu akasema kuna macho yaliyovimba. Mengine presha ilipanda ndani ya jicho. Kuna watu lensi ilibidi itolewe tena, na jicho halikurudi kuona. Akasema hata baadhi ya wakubwa wake wa macho hawataki kuisikia.

Sista akauliza, "Haya tutawaambia wagonjwa?"

Daktari akatabasamu. "Hawa wakisikia neno hatari watakimbilia porini. Waambiwe ni salama."

Nikaendelea kukunja bendeji. Naomba mlione hilo. Nilikunja mpaka ya mwisho, nikazipanga kwenye trei.

Aliyeitwa kwanza alikuwa Bibi Matika, mjane kutoka Mtumba. Ndiyo, Mtumba hiyo hiyo yenu ya maofisi, wakati huo ni tembe chache za udongo na mashamba ya uwele. Jicho lake moja lilikufa zamani kwa trakoma. La pili ndilo lililotolewa lensi, na ndilo pekee alilokuwa nalo.

Narudia. Mtu ana jicho moja duniani, na hilo ndilo wanalotaka kujaribia.

Daktari akasema, nikatafsiri. Kuna kitu kipya, kitaingia ndani ya jicho, utaona bila miwani, ni salama.

Bibi akauliza kama kitauma. Nikatafsiri. Daktari akasema kidogo tu. Nikatafsiri.

Halafu akanigeukia mimi. Akanitafuta uso kwa ile miwani yake, akanishika mkono. "Mjukuu wangu, wewe ndiye unayekaa nao. Wewe unasemaje?"

Hilo swali halikuwa la kutafsiri. Lilikuwa langu.

Nikasema, "Ni salama, Bibi."

Akaweka dole gumba kwenye karatasi.

Mchana wake akaitwa baba yangu, alikuja kwa miguu kutoka Msalato. Daktari akasema maneno yale yale, neno kwa neno. Na mimi, wakuu, kwa Kigogo safi, na uso wa kazi, nikamwambia baba kila nilichosikia. Kuvimba. Presha. Macho yaliyotolewa lensi yasirudi. Wakubwa wasioitaka.

Daktari akakunja uso. "Mbona umesema maneno mengi hivyo?"

"Kigogo ni kirefu, Bwana Daktari."

Baba akaanza kuuliza, na nilitafsiri kila kitu bila kupunguza, maana hayo yalikuwa maswali tu, na kuuliza si kosa.

"Mwambie anionyeshe mtu mmoja mwenye kitu hicho jichoni. Nimwone, nikae naye, nimuulize amekaa nacho masika mangapi."

Daktari akasema hapa hakuna bado, wapo Uingereza.

"Bwana mifugo alipokuja kuwachanja ng'ombe wangu ugonjwa wa sotoka, alianza na ndama wachache. Akawatia alama masikioni, akaondoka, akarudi kuwatazama. Ndipo akachanja wengine. Muulize, jicho langu halifikii ndama?"

Nilitafsiri. Daktari akasema hii ni sayansi, imepimwa.

Baba akacheka. "Kongwa nako walisema wamepima udongo."

Wasiojua, huko Kongwa Waingereza walileta matrekta kulima karanga nchi nzima, wakashindwa vibaya, vyuma vikabaki vinaliwa na kutu. Kila mtu wa hapa alikuwa anajua. Daktari naye alikuwa anajua, maana masikio yalibadilika rangi.

Sasa niambieni nyie wa kiyoyozi. Mzee yule hakujua kusoma. Ni swali lipi kati ya hayo la kishamba? Leo dawa yoyote mpya hamtaki kwanza mjue imejaribiwa kwa nani, kwa muda gani, na matokeo yake? Baba yangu aliyauliza yote matatu akiwa amekaa kwenye benchi la mbao na fimbo mapajani.

Akakataa. Kwa heshima kabisa, akasema, "Mwambie asante, nabaki na miwani yangu."

Hapo ndipo sista akapiga hatua mbili, akanyoosha mkono, akaivua miwani usoni kwa baba.

Akasema miwani ni mali ya hospitali, ni ya wagonjwa wanaokubali matibabu. Akanitazama. "Mtafsirie."

Mwe! Nikatafsiri. Mimi mtoto wake wa kumzaa, nikamtafsiria.

Baba hakupiga kelele. Alibaki anapapasa uso, akadhani labda imeanguka. Nilimshika mkono kumtoa nje, maana mlango alikuwa haoni. Mtu aliyeingia anatembea mwenyewe, katoka anaongozwa. Kwa sababu kauliza maswali!

Mpaka leo nikikumbuka mikono yake inavyotafuta ile miwani, roho inaniuma kama jana.

Kwa hiyo mkiambiwa wazee fulani waliishi gizani kwa kupenda, wa kwetu alinyang'anywa mwanga mchana kweupe, na mtu aliyefuata taratibu.

Alikaa bila miwani miezi kadhaa. Aliyemwokoa alikuwa Mhindi mmoja muuza vitambaa, ambaye mama yake aliwahi kutolewa lensi na alikuwa amefariki. Nilipomsimulia, akaingia ndani bila kusema neno, akatoka na miwani ya marehemu mama yake, fremu ya duara, ya kike, imepambwa pembeni. Haikumfaa baba sawasawa lakini alikuwa anaona. Msalato nzima wakamtania. Akawa anawajibu kwamba tangu avae miwani ya kike amegundua wote ni wabaya wa sura.

Turudi kwa Bibi Matika.

Aliwekewa. Na niseme kweli, maana niliahidi: alivyofunguliwa bendeji, aliona. Aliona! Alimtambua mjukuu wake kutoka mwisho wa wodi. Alikuwa anakaa kwenye varanda anachagua mawe kwenye uwele, bila miwani, anaimba. Daktari alipiga picha. Mimi nilijisikia mwepesi, nikajiambia si unaona, ulikuwa na wasiwasi wa bure.

Akaruhusiwa kwenda nyumbani.

Hazikupita wiki nyingi akarudishwa kwenye mkokoteni wa punda. Jicho jekundu, linatoa maji, amejifunika kanga kichwa kizima kwa maumivu. Yale yale niliyoyasikia nikikunja bendeji, moja baada ya jingine, yakaja. Matone yakashindwa. Lensi ikatolewa. Jicho likafa.

Siku aliyoruhusiwa kipofu kabisa, nilipewa faili lake nilirudishe kabatini. Nikalifungua. Sikutakiwa, nikalifungua.

Daktari ameandika sababu: moshi wa tembe, uchafu wa nyumbani, na mgonjwa kutofuata maelekezo.

Wakuu, sijui niwaelezeje. Mama wa watu kapoteza jicho lake la mwisho, na karatasi inasema kosa ni jiko lake!

Nikaenda na faili mkononi mpaka ofisini. Sikugonga.

Nikamuuliza, "Bwana Daktari, na yale macho ya Uingereza yaliyovimba, nayo yaliharibiwa na moshi wa tembe?"

Hakuuliza macho yapi. Alisema tu, "Kabidhi sare zako kwa sista."

Nikakabidhi. Kaptula, shati, kila kitu. Nikatembea mpaka Msalato kifua mbele, wallahi kama nimeshinda vita. Nilikuwa natamani kufika nimsimulie baba. Mwanawe kamwambia mzungu ukweli usoni! Enzi zile! Nani alikuwa anathubutu?

Nikamsimulia. Akasikiliza yote, na miwani yake ya mama wa Kihindi imemkaa upande.

Halafu akauliza, "Kwa mwenye jicho umekwenda?"

Sikuelewa. Akaniambia, "Mimi uliniambia, kwa sababu ni baba yako. Yule mama hakuwa na mtoto aliyevaa kaptula nyeupe. Alikuwa na wewe tu."

Nikaanza kujitetea. Kazi, sista, ningefukuzwa.

"Si umefukuzwa?"



Hapa niwaeleze jambo moja. Sisi ng'ombe hatukai nao wote zizi moja. Unawakabidhi wengine kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakija yasiwamalize. Sasa ng'ombe wa mwenzio akifia mikononi mwako, humtumi mtu na maneno. Unachuna, unabeba ngozi mwenyewe, unaiweka mbele ya mwenye mali, unaeleza alivyokufa. Kosa liwe lako, lisiwe lako, unakwenda. Asiyekwenda hakabidhiwi tena hata mbuzi.

Baba alisema hivyo tu: "Beba ngozi, nenda Mtumba."

Nikaenda.

Nilimkuta ameketi ukutani mwa tembe lake, upande wa kivuli, na ungo wa uwele. Anapapasa punje kwa vidole, akikuta jiwe anatupa.

"Mbukwenyi, Bibi."

"Mbukwenyi." Akanyanyua uso. Akanijua kwa sauti. "Wewe wa hospitali. Karibu, mjukuu wangu, kaa."

Sikukaa. Nikasema yote nimesimama. Kwamba siku ile aliponiuliza mimi nasemaje, nilikuwa nimeshasikia. Kwamba nilijua kuna macho yalikufa kule Uingereza. Kwamba mchana ule ule nilimwambia baba yangu, na yeye sikumwambia. Na kwamba moshi wa jiko lake hauhusiki, waliomwambia hivyo wamemdanganya.

Vidole vyake viliacha kutembea kwenye ungo.

Kumbe tangu arudi alikuwa amehamisha jiko nje. Alikuwa anamwambia kila mtu kwamba amejiua jicho mwenyewe kwa kupika.

Akauliza, "Ungeniambia, ningekataa?"

Nikasema, "Sijui, Bibi."

"Hata mimi sijui," akasema. "Nilikuwa naitaka sana. Labda ningekubali. Labda nisingekubali. Sasa sitajua mpaka nakufa."

Halafu akamwita mjukuu wake aniletee maji ya kunywa. Nilishika kile kibuyu, nikakirudisha kimejaa.

Hakunilaani. Afadhali angenilaani.

Basi. Hayo ndiyo yangu.

Sasa mtaniuliza, mzee, unatuambia lensi za bandia ni mbaya? Hapana. Nisikilizeni vizuri kabla hamjanukuu nusu. Lensi za leo si zile za kwenye kiboksi. Zimeboreshwa miaka na miaka, na upasuaji wenyewe umebadilika kabisa. Mimi mwenyewe ninayo moja, nimewekewa hapa hapa Dodoma, na ndiyo ninayosomea upuuzi wenu.

Daktari wangu alikuwa binti mdogo, wa kuwa kitukuu changu. Kabla sijafungua mdomo akanieleza: mara chache vijidudu huingia, presha ya jicho inaweza kupanda, baadaye utando unaweza kuota nyuma ya lensi ukasafishwa kwa mwanga wa leza, na ukiona wekundu au maumivu rudi siku hiyo hiyo, usingoje. Akasema ana wagonjwa wengi waliowekewa, nikitaka naweza kuongea nao.

Nikaanza kulia pale kwenye kiti. Akadhani naogopa, masikini, akaniambia, "Babu, tunaweza kuahirisha."

Nikamwambia, binti, endelea kusema. Sema yote.

Kwa hiyo wewe kijana ambaye bibi yako amekataa: acha kumcheka. Kaa naye chini umuulize anataka kujua nini, halafu umpeleke kwa mtu anayejua amjibu. Akipata majibu akakubali, vizuri. Akikataa bado, jicho ni lake, na miwani yake muachie.

Funzo nililopata mimi si la macho. Kumwambia mkubwa ukweli nilijisifia siku moja tu. Yule mnyonge aliyeniuliza nikamjibu uongo, nimebaki naye miaka sitini na kitu.

Comments ziko wazi. Pole zenu sizitaki, na wa "Wagogo bwana" mpite kimya kimya. Nawataka manesi, wakalimani, makarani, watu wa maofisini huko Mtumba, kila aliyewahi kuulizwa "wewe unasemaje?" na mtu aliyemwamini, naye akijua ukweli. Andika hapa ulimjibu nini. Na kama mtu huyo bado yu hai, ukimaliza kuandika, zima simu uende kwake.